Tochi Ndani ya Sufuria

Tochi ilikuwa chini ya maji, inawaka. Ilikuwa imelala kwenye kitako cha beseni la bluu, ndogo kama kidole gumba cha mwanamume, na mwanga wake ulipenya maji ukapanda hadi kwenye mabati ya paa, ukawa unatetemeka huko juu kama kitu kinachotaka kusema. Aimée, ambaye alikuwa hajatimiza miaka mitatu, alipiga makofi. Mama yake hakupiga. Joviale alikuwa amechuchumaa kando ya beseni, mikono magotini, akiisubiri izime.

Haikuzima.

"Siku ya tatu," aliandika kwenye daftari lake la masomo ya jioni. "Maji, nusu saa. Inawaka." Kisha akaitoa, akaipangusa kwa upindo wa kitenge, nayo ikamtazama kwa jicho lake jeupe lisilopepesa. Akaikasirikia kama mtu anavyomkasirikia mtu.

Zagabe, mumewe, ndiye aliyeinunua sokoni Kadutu. Alikuwa amekaa nyumbani miezi miwili akiuguza kifundo cha mguu, na sasa mguu ulikuwa umepona. Alitaka kurudi Kamituga, kwenye shimo la dhahabu. Joviale alikuwa amekataa kwa kila njia aliyoijua: kwa maneno, kwa kununa, kwa kumpa mgongo kitandani. Hatimaye Zagabe, ambaye hakupenda ugomvi, alimwekea tochi kiganjani.

"Tumia hii juma zima, Maman Aimée. Popote unapotaka. Ikikuangusha hata mara moja, sirudi. Nitabeba mchanga wa wajenzi hapa hapa mjini. Lakini ikistahimili, utaniacha niende kwa moyo mweupe."

"Kweli?"

"Nimekuambia nini?"

Aliyasema akicheka. Joviale hakucheka. Alijua kwamba tochi zilizonunuliwa siku ile zilikuwa tatu, za aina moja, kutoka meza moja: moja ya Zagabe, moja ya Steve, moja ya Dany, wenzake wa shimo lile. Steve na Dany wangetangulia Ijumaa. Yeye angewafuata Jumatatu, tochi ikiruhusu.

Basi akaitesa. Aliiangusha kwenye ngazi za udongo zinazoshuka kutoka nyumbani kwao hadi bombani, zile zinazozuiwa na magunia ya mchanga mvua isizibebe. Ikabiringika vidato tisa na kusimama kwenye tope, inawaka. Aliizika ndani ya gunia la makaa. Aliisahau makusudi nje ya mlango, mvua ikainyeshea alfajiri nzima. Kila alipoichukua alikuwa na tumaini dogo, baya, alilomficha hata Mungu. Na kila alipobonyeza kitufe, tumaini lile lilipigwa mwanga usoni.

Jambo ambalo hakulitarajia ni kwamba ile tochi ingemzoea, naye aizoee. Kwa mwanga wake alipata mwiba uliokuwa umejificha kisiginoni mwa Aimée kwa siku mbili. Kwa mwanga wake alishuka jioni kwenda darasani Ibanda bila kushika ukuta wa jirani, na kupanda tena bila kuteleza. Umeme ulipokatika katikati ya somo, wanafunzi wenzake, mama watu wazima wenye watoto migongoni, walikisogelea kiti chake wamalize kunakili.

"Eh, Maman Aimée!" alimtania Consolate, jirani yake wa ukuta mmoja. "Siku hizi unatembea na bwana wa pili mufukoni. Zagabe anajua?"

"Yeye ndiye aliyenioza."

"Na huyu wa pili anarudi nyumbani mapema kuliko wa kwanza?"

"Huyu hatoki kabisa," alijibu Joviale, wakacheka wote wawili. Kicheko cha Joviale kilikatika mapema.

Mwalimu wake, Maman Madeleine, alikuwa amewafundisha kuchora jedwali: siku, jambo, saa, matokeo. Alikuwa na kawaida ya kupita nyuma ya madawati na kugonga daftari kwa kalamu. "Muandike munachoona," alikuwa akisema, "si munachotaka kuona." Joviale aliyatii maneno hayo kwa uchungu. Chini ya neno matokeo, siku tano mfululizo, kulikuwa na neno moja tu: inawaka, inawaka, inawaka.

Jumamosi lilibaki jaribio moja. Alitaka kujua itadumu saa ngapi bila kupumzishwa. Saa moja asubuhi aliiwasha, akailaza ndani ya sufuria kubwa, akafunika. Kila nusu saa aliacha kuchambua maharagwe na kufunua kifuniko. Saa sita kamili ilikuwa inang'aa kama mwanzo. Saa sita na nusu alifunua, akakuta giza.

Furaha ilimpanda hadi kooni. Kisha akahesabu, ikashuka. Ilikuwa imewaka zaidi ya saa tano, na ile ya zamani ya betri, ya bati la manjano, inayoning'inia msumarini, haikuwahi kufika saa nne. Huwezi kusema kimekuangusha kitu kilichokubeba mbali kuliko ulivyozoea. Hata hivyo kuna kitu kilimsumbua. Alitaka kuandika ni saa ngapi ilianza kufifia, na hakuwa ameona.

Jioni umeme uliporudi, aliichomeka ukutani. Kijitaa chekundu kikawaka tumboni mwake, kidogo kama tone, ishara kwamba inakula. Jumapili asubuhi Zagabe alimpeleka Aimée misani, na Joviale, aliyesema kichwa kinamgonga, akaketi tena mbele ya sufuria, tochi ikiwaka humo tangu saa moja. Safari hii hakuchambua kitu. Saa sita ilipopita, alijifunika kitenge yeye na sufuria pamoja, macho ndani, kama mtu anayevuta mvuke wa dawa ya kifua.

Mwanga ulikuwa mweupe. Ukaendelea kuwa mweupe. Halafu haukuwapo.

Haukupungua wala haukupata manjano. Ulikatika kama uzi.

Alibaki humo gizani, akisikia pumzi zake mwenyewe zikigonga bati, na sauti ya Zagabe ikamjia, ya mwaka wao wa kwanza wa ndoa, alipokuwa bado anasimulia shimo kwa majivuno. "Chini hakuna asubuhi wala jioni. Saa ya mkono? Jiwe litaivunja siku ya kwanza. Saa yetu ni tochi. Unaifunga kichwani kwa mpira wa tairi, unapiga kazi. Ikigeuka nyekundu kama jicho la mlevi, unaacha hata jiwe lenye dhahabu, unapanda. Ule wekundu unatosha kukufikisha juu."

Kupanda, alisema, ni karibu saa nzima: kwa magoti, kwa tumbo, kwa magogo yaliyochongwa vidato.

Joviale alijifunua. Mwanga wa mchana ulimuumiza macho. Sokoni muuzaji alikuwa amewasifia kwamba tochi hii haififii kamwe, nao wakafurahi, wanaume watatu wenye akili zao.

Alisikia sandali za Zagabe kwenye ngazi, na Aimée akiimba kipande cha wimbo wa misa. Alikuwa na muda wa kufikiri jambo moja tu, na alilifikiri lote. Angeweza kusema: imezima. Lingekuwa neno la kweli. Zagabe angedhani amepata mbovu, angeguna, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuvunja ahadi, angebaki. Kesho angeamka akabebe mchanga. Na kesho, saa kumi na mbili asubuhi, Steve angeshuka shimoni na tochi ile kwa mara ya kwanza, na Dany nyuma yake. Dany aliyembeba Aimée mabegani siku ya ubatizo, akichezacheza hadi kofia ikamdondoka.

"Kichwa je?" Zagabe aliuliza mlangoni.

"Kaa, Papa Aimée."

"Imekuangusha?" Alikuwa anatabasamu.

Joviale alitazama daftari. Akalifungua, akamgeuzia.

"Mimi haijaniangusha. Itawaangusha ninyi."

Alimweleza yote, pamoja na saa. Zagabe alicheka kwanza. "Wanawake! Unaniletea lawama kwamba taa ina nguvu hadi mwisho? Weye unataka ile inayokufa polepole?"

"Ndiyo. Inayokuambia kwamba inakufa."

Kicheko kilimtoka usoni taratibu. Alichukua tochi, akaibonyeza mara tatu, akaipigapiga kiganjani. Kisha akatoa simu. Ya Steve haikupatikana. Ya Dany haikupatikana. Aliyepatikana alikuwa msimamizi wa shimo, na Joviale aliisikia sauti yake ikivuma katikati ya muziki: tochi ni tochi, bwana mkubwa, nitawaambia nikiwaona, na wewe njoo, tunakungoja.

"Hatawaambia," alisema Zagabe.

"Najua."

Walitazamana. Zagabe aliangalia mlango, kisha mkewe, kama anayeomba ruhusa ya kitu alichokuwa ameshakipata.

"Nikitoka sasa kwa pikipiki, nisipolala njiani, nitafika kabla hawajashuka. Barabara ikiwa imekauka."

Haikuwa imekauka, wote walijua. Joviale alisimama. Alitoa betri kwenye redio, akazitia ndani ya tochi ya bati la manjano, akaijaribu kwenye ukuta: mwanga wa rangi ya chai. Akachana ukurasa wa daftari na kuandika kwa herufi kubwa, kwa sababu Steve alisoma kwa shida: HAIWI NYEKUNDU. INAZIMA GHAFLA. MUSIINGOJE.

"Utawapa karatasi hii hata wakikucheka."

"Watacheka."

"Wacheke wakiwa juu. Nawe rudi."

Zagabe aliukunja ukurasa, akauweka kifuani ndani ya shati, akachukua tochi ya bati na kuiacha ile mpya mezani. Alimbusu Aimée utosini. Kwa mkewe alisimama kidogo, akamgusa shavu kwa nyuma ya vidole, kwa kuwa viganja vyake vilikuwa vikavu. "Jumatano," alisema, akashuka ngazi mbili mbili, kama mtu ambaye hakuwahi kuumia mguu.

Mchana ukawa mrefu. Mawingu yalijazana kusini-magharibi, upande wa Mwenga, njia ya kwenda Kamituga, meusi kama sehemu ya chini ya chungu. Saa tisa alijua yuko barabarani. Saa kumi na moja alijua hivyo hivyo. Aimée alifunua sufuria, akachungulia ndani, akainua macho. "Mama, haiko."

"Itakuja."

Saa mbili usiku umeme ulirudi. Mtaa mzima wa mlimani ulipiga kelele ya furaha, kama kawaida. Joviale hakuwasha taa. Aliichomeka ile tochi, na tumboni mwake kijitaa kikawaka, chekundu, tone moja gizani. Alijilaza kando yake, mtoto kifuani, simu kiganjani, mvua ikianza kuhesabu mabati moja baada ya jingine.

Aliutazama ule wekundu kwa muda mrefu.

"Pandeni," aliunong'onea. "Pandeni."