Kofi la Jumanne

Jumamosi, baada ya swala ya alasiri, fundi Idarousse alikuwa kibarazani kwake Badjanani, mjini Moroni, akiunga waya wa mwisho. Alikuwa anatengeneza kidhibiti mwendo cha mota. Dada yake Koultoumi alikuwa na cherehani aliyoifungia mota ya waipa za gari, nayo ilikwenda mbio hata ikakata nyuzi. Idarousse alijifunza ufundi peke yake, kwa kufungua redio mbovu. Ndani ya kopo la nyanya alipanga transista moja kubwa, vipande vinne vidogo, na kile kizungushio cha kuongezea na kupunguzia sauti. Kizungushio kilikuwa kimechakaa, hakikufika sifuri.

Aliunganisha betri, akazungusha kuelekea kushoto. Mota ikapungua mwendo vizuri. Wakati ule ule, askari wawili wa kizungu waliokuwa wakinunua sigara dukani mwa Moinafouraha, ng'ambo ya njia, nao wakapungua, mmoja mguu ukiwa hewani.

Mamluki hao walikuwa na mwaka wa tatu mjini, na watu walishazoea mambo yao.

"Fundi," aliita Moinafouraha, "huyu noti bado ameishika. Zungusha kidogo aiachie, kisha mgandishe utakavyo."

Idarousse hakuzungusha. Alimtazama dada yake, na dada yake alikwisha kujifunga buibui.

Mume wa Koultoumi, Attoumane, alikuwa kuli bandarini Mutsamudu, kisiwa cha pili. Aliuliza kwa sauti kwa nini masanduku ya wazungu hayapiti forodhani. Kesho yake alipandishwa ndege kiwanjani Ouani, akaletwa Moroni, na wiki ya tatu sasa alikuwa amefungwa kambini mwao. Koultoumi alimfuata, akahamia kwa kaka yake pamoja na cherehani.

Kambini walimkuta Attoumane uani, amefungwa kwenye kiti. Mbele yake alisimama afisa wa kizungu, mkono ameuinua, kiganja wazi. Mkono ulikuwa unakwenda. Ukiutazama hukuuona ukisogea, lakini ukigeuka na kurudi, ulikuwa umesogea.

Kando ya kiti alisimama Combo, askari mwenyeji, ambaye hakupungua mwendo hata kidogo.

"Mfungue, mwanangu," alisema Koultoumi. "Bwana wako hawezi kukukataza."

"Hajaniruhusu pia, mama."

"Atakuruhusu lini? Tangu alasiri hajapepesa jicho!"

"Tutamsubiri." Combo alikuwa amemwekea afisa mwavuli, jua lisimchome. "Labda mjomba wangu, mzee Ousseni wa bangweni, aseme. Leteni neno la bangwe, nami nitamfungua."

Bangwe ni uwanja ambapo wakubwa wa mji hukaa na kuamua. Mkubwa ni yule aliyefanya ndoa kuu, akachinja ng'ombe na kuulisha mji. Idarousse alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mke na wajukuu wawili, lakini ndoa kuu hakuifanya. Kwa hiyo alihesabiwa mtoto, na mtoto hasemi bangweni. Mtu mwingine angepiga kelele. Idarousse alifuata utaratibu. Jumapili alimtafuta Rachadi, kijana wa miaka thelathini na mmoja aliyerudi kutoka Marseille na kufanya ndoa kuu mwaka uliopita, amsemee.

Rachadi alisimama na kilemba chake. Alizungumzia ng'ombe wake kumi na wanne. Alizungumzia wapiga ngoma. Kisha akakumbuka, akataja kopo, na mfungwa.

Mzee Ousseni aliomba kopo liletwe, akalipakata kama paka.

"Kitu hiki ni neema," alisema. "Alhamisi namwoza binti yangu. Mwaka jana gari la wazungu lilipasua maandamano ya harusi katikati. Mwaka huu halitatufikia. Kopo litakaa kwangu, mtoto asije akalichezea."

"Na mfungwa?" aliuliza Rachadi, kwa kuwa alikuwa ameahidi.

"Hatuingilii kazi ya wageni. Tumekwisha kuwafundisha kwenda polepole. Watu wanataka nini zaidi?"

Wakubwa wakaitikia. Idarousse, aliyesimama pembeni pa watoto, alifungua kinywa, na wazee watatu wakamgeukia kwa upole, kama mtu anavyomgeukia mjukuu aliyecheua. Akakifunga.

Alirudi kambini na uzi. Alipima kutoka kiganja cha afisa hadi shavu la shemeji yake, akasubiri muda wa saa tatu, akapima tena. Alipiga hesabu mara mbili.

"Jumanne," alimwambia Koultoumi. "Baada ya alasiri."

"Polepole au kwa nguvu?"

"Nguvu ni ile ile."

Attoumane aliyasikia hayo yote, kwani alikuwa macho. Aliomba maji. Combo akamnywesha, maana maji hayakukatazwa.

Kofi lilifika Jumanne, dakika chache baada ya alasiri. Lilikaa usoni mwa Attoumane hadi adhana ya magharibi, na Koultoumi akakaa naye, ameushika mkono wa mumewe. Mjini ngoma za harusi zilikuwa zinajaribiwa.