Kanga ya Mama Joel

Mimi nguo chafu hailali nyumbani kwangu, Chilangala nzima wanalijua hilo. Ipo moja tu ninayoiacha, na hiyo haimhusu mtu. Sasa asubuhi ile binti yangu Cecilia alipokwisha kunyatia mlango na kupanda gari la alfajiri kurudi Masasi, nikamkuta mjukuu wangu Joel amelala, kafunikwa kanga ya mama yake inayonuka jasho na maziwa yaliyochacha. Loo! Nikaichomoa taratibu, nikaifua kwa sabuni ya unga, nikaianika. Hata uji nilikuwa sijabandika.

Joel aliletwa kwangu kuachishwa ziwa. Ndivyo tunavyofanya: mama anajificha, mtoto anashinda kwa bibi mpaka asahau. Dada zake wote waliachishiwa Tandahimba kwa bibi mzaa baba, na yule mama kila tukikutana ananisimulia habari hiyo, utadhani kawazaa yeye. Safari hii nikatia ngumu, huyu ni wangu. Cecilia akakubali, lakini kwa sharti.

"Mama, akishinda bila kula namfuata kwa gari la jioni. Nampeleka Tandahimba."

Basi Joel, mume wangu huyo, akaamka.

"Nyonyo!"

"Nyonyo imekwenda Masasi. Njoo unywe uji."

Uji akaupiga kofi. Yai akalitema. Ndizi akampa kuku. Akamtafuta mama yake chini ya kitanda, nyuma ya mlango, jikoni, huku analia, mpaka akafika kwenye kamba ya nguo. Akaivuta ile kanga ikaanguka, akaifunika usoni, akanusa. Kisha akaitupa mchangani na kuanza kulia upya, kilio cha kukata maini.

"Ebo! Nimeifua sasa hivi!" Nikaiokota, nikaisuuza tena huku nasonya.

Ukungu ulipopanda, jua la kipupwe likatoka, lile lisilochoma. Nikamfunga mgongoni, nikachukua fagio na kikapu, tukaenda shambani. Tungebaki ndani tungegombana. Mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua na chini yake majani makavu yamejaa, kazi ilikuwepo. Nikafagia, naye akalia. Jirani yangu Ziada akapita na ndoo yake.

"Shikamoo, Mama Cecilia."

"Marahaba."

"Mumeo leo ana nini? Umemnyima chakula?"

"Kanikataa. Anamtaka wa Masasi."

"Mpeleke Tandahimba basi, wenzio wana mkono wa watoto!" Akaenda zake anacheka.

Nami nikacheka, lakini iliniuma. Tangu baba yake Cecilia afariki, nyumba ile naongea na kuku. Nilimtaka huyu mtoto, nilimtaka mpaka nikaona aibu. Na jua lilikuwa linapanda na tumboni mwake hakuna kitu.

Nikamteremsha, nikakaa juani nikiegemea mkorosho, nikafungua kikapu. Nilikuwa na mbaazi mbichi nilizochemsha na maganda yake, laini, chakula changu cha mchana. Sikumpa. Kubembeleza kulikuwa kumenishinda. Nikawa nakula mwenyewe, navuta ganda kwa meno, punje zinabaki mdomoni. Mara kilio kikakatika. Akawa ananitazama mdomo.

Akasogea, akachukua ganda, akaling'ata lote, akakunja uso. Nikaliminya jingine mbele yake, punje zikaruka zikaangukia majani. Akacheka! Kamasi usoni na kicheko juu yake. Akaokota punje moja na mchanga wake, akanisukumia mdomoni.

"Kula," akaniamuru.

Nikala na mchanga. Akaniletea nyingine, na nyingine. Halafu akaishika moja, akaitazama, akanitazama mimi, akaitia mdomoni mwake. Sikusogeza hata mguu. Akatafuna. Akanyoosha mkono kutaka tena.

Tulimaliza kikapu. Baada ya hapo akanisaidia kufagia, yaani nikikusanya majani anayatawanya, nikifoka anacheka zaidi, mwishowe tukawa tunatawanya wote wawili. Akamfukuza mjusi, akaanguka, akasubiri aone kama nitamhurumia, nikajifanya sikuona, akainuka. Nilifurahi siku ile jamani, nilifurahi kweli. Jua lilipoanza kupoa nikambeba, na kabla hatujafika nyumbani alikuwa amelala kwenye mgongo wangu, anakoroma.

Simu ikalia nikiwa uani. Cecilia.

"Mama, nipo stendi. Gari linajaza. Amekula?"

"Amekula mbaazi. Amekula mpaka nimeshinda njaa mimi."

Nikasikia gari linapiga honi.

"Amenililia?" akauliza, na sauti ilikuwa si yake.

Hapo nikaelewa yuko stendi kwa sababu gani: naye alikuwa anamlilia mtoto wake. Ningeweza kumwambia hapana, nikajisifu mpaka Tandahimba wasikie.

"Amekulilia, Mama Joel. Amekutafuta hadi chini ya kitanda. Sasa amelala."

Nikasikia anapenga kamasi. "Basi sipandi. Narudi nyumbani kwangu hapa Masasi. Ila mama, akiamka usiku mfunike ile kanga yangu. Nimelala nayo siku tatu makusudi, anuse atulie. Usiifue."

Nikatazama kambani. Kanga imekauka, safi, inanukia sabuni.

"Cecilia," nikasema, "nimeifua. Asubuhi tu, hata uji sijabandika. Jifunge nyingine leo, ulale nayo, kesho mpe dereva aniletee. Usiitie maji."

"Utachekwa na dereva, mama. Kanga chafu."

"Acha anicheke. Shati la baba yako lipo sandukuni, halijaona maji tangu tumzike. Sijawahi kumwambia mtu."

Makondakta walikuwa wanaita abiria nyuma yake.

"Najua, mama," akasema. "Kila nikija huwa nasubiri uende kisimani, ndipo nalinusa."