Mvua ya Mawe Upenuni

Bustani ya mama mkwe ilikuwa kati ya nyumba mbili. Upande wa juu ilisimama nyumba ya baba mkwe, ya matofali, vyumba vinne. Upande wa chini ilikuwa yangu, ya udongo uliopakwa saruji, vyumba viwili. Kutoka mlango hadi mlango nilihesabu hatua arobaini na tatu, na kumi na tisa kati ya hizo zilipita kwenye maua: mawaridi, kana nyekundu, zinia, na safu tatu za dalia. Mama mkwe alifariki Mei 1994. Desemba ya mwaka huo tulikuwa tumebaki wawili tu katika boma lile karibu na Sironga, mimi na baba mkwe, Mzee Manasseh Ratemo. Kwa desturi yetu Abagusii, hao wawili ndio wasioweza kukaa pamoja.

Nitaieleza desturi hiyo kwa usahihi, kwa sababu wengi huieleza vibaya. Baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hakuna anayemkataza, haingii tu, kama vile mtu mzima hali udongo. Mkamwana aweza kuingia kwa baba mkwe akafagia sebule na kuandaa meza, lakini haketi. Hawapeani mikono, na hawatazamani usoni. Hii ni heshima, nami sijawahi kuidharau. Mama mkwe alipokuwa hai haikumlemea mtu yeyote, kwa kuwa maneno yote yalipita kwake. Mzee alikuwa akisema, "Mwambie mkamwana mbuzi hajafungwa," nami nimesimama pale pale nasikia. Mama mkwe angenigeukia na kusema, "Umeambiwa mbuzi hajafungwa," nami ningemjibu yeye, naye angemgeukia Mzee: "Amesema amemfunga." Tulicheka mara nyingi, kila mmoja akitazama upande wake.

Baada ya Mei maneno hayakuwa na pa kupitia. Nilifundisha biolojia katika shule moja ya sekondari, na muhula ulipokuwa ukiendelea sikuona sana tofauti, kwani nilitoka alfajiri na kurudi jioni. Shule zilipofungwa ndipo nilipoona. Saa kumi na mbili na nusu nilipeleka chupa ya chai na viazi vitamu, nikimwita tata, yaani baba. "Chai, tata." "Weka hapo." Kisha tulichuma majani chai, yeye upande wa mto, mimi upande wa barabara. Saa saba nilipeleka ugali na chinsaga, mboga chungu aliyoipenda ikiwa imelala katika maziwa. "Chakula, tata." "Haya." Siku moja niliamua kuhesabu maneno tuliyosemezana tangu asubuhi hadi jioni. Yalikuwa kumi na manne.

Muda uliobaki yeye aliutumia bustanini. Wakati wa uhai wa mkewe hakuwahi kugusa ua hata moja. Aliyaita "chakula cha nyuki". Sasa alichota maji kisimani asubuhi na jioni, madebe mawili kila safari, akamwagilia kila shina kwa kipimo kilekile. Mawaridi yalivumilia. Dalia hazikuvumilia. Mzizi wa dalia ni kama kiazi: ukikaa katika maji, unaoza. Nilikuwa nikifua nguo mlangoni kwangu nikiona majani ya chini yakigeuka manjano, nikijua sababu, na sikusema. Mkamwana hamsahihishi baba mkwe.

Kulikuwa na jambo jingine nililolinyamazia, na hilo lilikuwa kubwa zaidi. Barua yangu ya uhamisho ilikuwa imetoka. Nilitakiwa kuripoti katika shule mpya Nakuru tarehe tatu Januari. Niliuomba uhamisho huo mwenyewe. Mume wangu, Ogari, alikuwa karani katika kiwanda cha unga huko Nakuru. Tulikuwa tumeoana miaka mitatu, na nikijumlisha siku zote tulizolala chini ya paa moja, zilikuwa majuma kumi na moja. Mtoto hatukuwa naye, na biolojia haikuwa na fumbo lolote katika hilo. Lakini mke haondoki katika boma la mkwewe kama mpangaji anayehama. Mwana humwambia baba yake, baba hukubali, kisha mke huenda. Ogari aliahidi kuja Krismasi kusema. Bila neno hilo ningekuwa nimetoroka, na mke aliyetoroka hana mlango wa kurudia.

Sabato ya tarehe ishirini na nne, baada ya kanisa, alikuja wifi yangu Bonareri kutoka Nyakoe alikoolewa. Alikuwa na mkungu wa ndizi mbivu kichwani na sauti iliyofika kabla yake.

"Mwalimu! Bado mnafuga maua hapa? Hii bustani ingekuwa sukuma wiki, tungekula mpaka Pasaka."

"Mwambie baba yako," nilisema.

"Baba? Nimemkuta hapo anaongea na zinia. Mimi hajanisalimu." Alikaa kwenye kizingiti changu akavua viatu. "Umemwambia?"

"Nimwambie mimi? Kwani mimi ndiye niliyezaliwa hapa? Mwambie wewe, wifi. Wewe ni binti yake."

"Thubutu! Nikimwambia, atasema nimetumwa kuja kukung'oa. Kisha nisikie huko Nyakoe eti binti ndiye aliyevunja boma la baba yake. Hapana, dada. Mwache mwenye mke aje aseme."

"Akikosa kuja?"

"Ogari atakuja. Ogari akiahidi..." Akacheka. "Ogari akiahidi, tia chumvi kwenye ahadi, itakaa muda mrefu."

Kisha hakucheka tena. Alitazama juu, kwenye nyumba ya baba yake, akauliza kwa sauti ndogo nani angempikia. Nilimwambia sijui. Hilo lilikuwa jibu la kweli, na yeye pia hakuwa na lingine.

Krismasi Ogari hakuja. Jirani yetu Momanyi, aliyefanya kazi naye, alikuja likizo akaleta kilo mbili za sukari na kipande cha karatasi: kazi ni nyingi, subiri kidogo, salamu kwa baba. Karatasi haikuwa na tarehe. Nilibakiwa na siku nane za kusubiri kidogo.

Jumanne, tarehe ishirini na saba, jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Saa tisa alasiri mawingu yalipanda kutoka upande wa ziwa, meusi chini na ya kijani kibichi katikati. Mtu wa kwetu akiona rangi hiyo huanua nguo mara moja. Nilianua, nikaingia. Mzee alikuwa katika safu ya chini ya dalia akifunga mashina kwenye vijiti kwa kamba za mgomba. Hakuinua kichwa.

Jiwe la kwanza lilipiga bati kama lililorushwa na mtu. Kisha yakaja yote. Nilichungulia dirishani nikamwona Mzee akitazama nyumba yake, hatua thelathini na zaidi, na goti lake la kulia lilikuwa baya. Akatazama yangu, hatua sita. Akaja, akasimama upenuni, mgongo ukiwa umebanwa ukutani. Upenu wa nyumba yangu ulikuwa na upana wa futi moja na nusu. Mawe yalimpiga mabegani na kwenye miguu.

Nilifungua mlango. "Tata, ingia!"

"Funga mlango, mkamwana. Mawe yataingia ndani."

"Ingia, tata! Utaumia!"

"Funga."

Sikufunga. Nilichukua kigoda na karai la kufulia, nikavisukuma nje kwa mguu na mkono, uso nikiugeuza pembeni. Alikaa kwenye kigoda, akajifunika karai kichwani. Ndipo nikafunga mlango, nikaenda kusimama dirishani, palipokuwa karibu naye kabisa, na kati yetu ukuta. Sikumwona, nikaona ukingo wa karai tu. Mawe yaliligonga likalia kama kengele ya shule.

"Watu wa kanisa wakipita sasa," alisema, "watasema nini?"

"Hawatapita, tata. Nao wako chini ya karai zao."

Nilisikia akicheka. Sikuwa nimekisikia kicheko hicho tangu Mei. Mawe yaliendelea dakika kama kumi na mbili, kisha yakawa mvua ya kawaida. Hakuinuka. Naamini aliona jambo nililoliona mimi: kwamba ukuta ulikuwa umechukua kazi ya mama mkwe.

"Dalia zimekwisha," alisema.

"Zilikuwa zinaoza, tata. Hazitaki maji kila siku. Zingetosheka na mara mbili kwa juma."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Agosti."

Nilitegemea karipio, na ningelistahili. "Miezi minne," alisema hatimaye, "nabeba maji ya kuua." Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayesoma kipimo.

Nilijua kwamba nisiposema wakati ule sitasema tena.

"Tata, nimehamishwa. Natakiwa Nakuru tarehe tatu."

"Najua."

Mvua iliendelea kudondoka kutoka kwenye bati.

"Ogari aliniandikia," alisema. "Barua nilipata mwezi wa kumi na moja, tarehe sita. Nikamjibu siku hiyo hiyo. Nilimwambia mke wake haondoki hapa."

Kwa hiyo kazi haikuwa nyingi. Mume wangu alikuwa amekatazwa na baba yake, akaogopa kubisha na akaona haya kutii, na badala ya kuchagua akatuma sukari. Nilikasirika, lakini hasira haikuwa na matumizi pale, nikaiweka kando.

"Kwa nini, tata?"

"Tulipomzika mama yao, watu walikaa hapa siku kumi na nne. Wakala, wakaimba, wakaenda. Siku ya kumi na tano nilitoka nje asubuhi nikaona moshi jikoni kwako. Nikasema, basi, kuna mtu." Akakohoa. "Na wewe ulikuwa hujasema lolote. Nikajua umeisikia barua yangu na umekubali kukaa."

"Sikuijua barua yako. Nilinyamaza kwa sababu si mahali pangu kusema."

"Ndiyo," alisema. "Na mimi si mahali pangu kukuuliza."

Majuma saba tulikuwa tumeishi hivyo, hatua arobaini na tatu, kila mmoja akiusoma ukimya wa mwenzake na kuusoma vibaya. Nilimpelekea chai mara arobaini na zaidi katika muda huo, na kila mara jibu lilikuwa limekaa mezani kati yangu na yeye.

"Mimi naweza kukaa," nilisema. Nilisema kwa sababu ilikuwa kweli. Barua ya uhamisho yaweza kurudishwa. Lakini sauti yangu haikuwa sauti ya mtu anayetaka, na yeye alikuwa amezisikia sauti nyingi katika maisha yake.

Kigoda kilisogea. "Tarehe tatu ni siku gani?"

"Jumanne, tata."

"Basi utoke Jumatatu. Gari la Kericho hupita saa moja na nusu asubuhi. Ukingoja la saa tatu utafika Nakuru usiku."

Hiyo ndiyo ruhusa niliyopewa. Aliliweka karai juu ya kigoda, akapanda kwenda kwake akipita katikati ya bustani, kwa kuwa sasa hapakuwa na la kukwepa. Baadaye nilitoka kuangalia. Kati ya mashina thelathini na sita ya dalia, matano yalikuwa yamesimama. Zinia hazikuwa na jani. Barafu ilikuwa imejaa katika matuta, nyeupe, na juu yake petali nyekundu za kana, na harufu ilikuwa ya majani yaliyokatwa.

Siku zilizobaki zilikwenda kama zilivyokuwa zikienda. "Chai, tata." "Weka hapo." Nilidhani labda baada ya upenuni tungekuwa na maneno zaidi. Hatukuwa nayo, mvua haikunyesha tena juma lile.

Jumatatu tarehe mbili nilipeleka chai saa kumi na moja na nusu, gizani bado, nikaacha na ugali wa mchana umefunikwa. Mlango wa chumba chake ulikuwa umefungwa. Nilisimama sebuleni kidogo, nikasema, "Nakwenda, tata," nikasikia kitanda kikilia, basi. Nilirudi, nikatoa sanduku langu nje, nikaingia tena kuzima makaa na kufunga madirisha. Nilipotoka, sanduku halikuwapo.

Lilikuwa njiani, begani kwa Mzee. Alikuwa ametangulia kama hatua ishirini, akichechemea kwa goti lile la kulia. Sikuwahi kuona wala kusikia baba mkwe akimbebea mkamwana mzigo. Nilipoongeza mwendo, aliongeza, nilipopunguza, alipunguza. Momanyi alikuwa langoni kwake akikamua ng'ombe.

"Mzee Ratemo! Leo umekuwa mchukuzi?"

"Nimekuwa," alijibu, bila kusimama.

Momanyi alinitazama mimi, kisha akaiangalia ndoo yake.

Barabarani Mzee aliliweka sanduku juu ya jiwe, mbali na umande. Alilisogeza mara mbili mpaka likakaa sawa. Nilitarajia asimame pale. Nilikuwa nimeandaa neno la kumshukuru, fupi, lisilovuka mpaka. Lakini kabla sijafika aligeuka kushoto akashika njia ya kituo cha kuuzia majani chai, akatembea kwa haraka ya mtu anayechelewa kwenye mizani. Nilimfuata kwa macho mpaka kwenye kona. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Kituo chetu kilipima majani Jumanne na Ijumaa, na Mzee hakuwa na kikapu.