Kuni za Juu ya Dari

Mwezi wa saba hapa kwetu Mufindi ukungu hauondoki mpaka saa nne. Unaingia ndani kama jirani asiyebisha hodi, unakaa. Asubuhi ya namna hiyo ndiyo mjukuu wangu Lea alirudi kutoka hospitali na mtoto wa kilo mbili kasoro, amemfunga kifuani ngozi kwa ngozi, blanketi juu. Nesi alimwambia mambo mawili: mtoto asipate baridi, na asivute moshi. Jiko la mkaa ndani ya nyumba alilikataza kabisa.

Nikamkalisha jikoni kwangu, karibu na mafiga, palipobaki makaa ya jana.

Mumewe Danieli ni mtu wa Makongolosi, kule kwenye machimbo ya dhahabu, ambako kuni ukizitazama vibaya zinawaka. Alikuja na mzigo wa kuni za mlingoti, yaani mkaratusi, aliokata asubuhi hiyohiyo.

"Nzito hizi, bibi. Zitakaa mpaka kesho."

"Nzito kwa maji, mume wangu."

"Mimi nimeyeyusha dhahabu. Nyuzi elfu moja na zaidi. Nitashindwa na gogo?"

"Dhahabu haina maji tumboni."

Akapuliza mpaka macho yakawa mekundu. Gogo likatoa povu kwenye ncha, likalia kama sufuria inayotaka kuchemka. Ndivyo kuni mbichi ilivyo: joto lote unalolipa linaenda kwenye maji kwanza, na maji yasipoisha, mti wenyewe haupati moto. Moshi ukashuka hadi magotini. Mtoto akakohoa kikohozi kidogo cha kifaranga. Nikamshika mguu, ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Nikainua macho darini.

Kule juu kulikuwa na kuni kavu za mkusu, mti mgumu wa porini, alizozipasua marehemu mume wangu Marcelino. Tulizipanga pamoja kwa ajili ya matanga yetu, nusu yake, nusu yangu. Alikuwa akisema, "Sitaki watu walizwe na moshi halafu wadanganye kwamba wananililia mimi." Nusu yake tuliichoma alipoondoka, na waliolia walilia kweli. Nusu yangu ina miaka tisa pale juu, nami kila Pasaka naipangusa masizi.

"Danieli, panda ulete zile."

"Bibi, zile ni zako," Lea akasema.

"Ndiyo maana natoa mimi, siyo wewe."

Zilikuwa nyepesi, zikigongana zinalia kama vikombe. Nikamwambia Danieli asipulize, aondoe mlingoti, akae. Nikaziegesha kandokando ya makaa, nafasi ya kidole katikati, tukangoja. Kwanza ukingo ukawa wa kahawia, kama mkate. Ukawa mweusi. Halafu kuni ikaanza kupumua, pumzi nyembamba nyeupe, na ile pumzi ndiyo iliyoshika moto, siyo mti. Ukiangalia vizuri unaona ulimi wa moto umesimama juu kidogo ya kuni, haujaigusa, kama mgeni aliyesimama mlangoni.

"Mbona hakuna aliyeiwasha," Danieli akasema taratibu.

"Ilikuwa tayari. Ilikuwa inangoja joto tu."

Moshi ukawa uzi mmoja, ukapanda ukatokea kwenye nyasi za paa. Moto ukawa wa njano, chini yake makaa ya rangi ya papai. Katika mwanga ule niliona alama za shoka la Marcelino, zote zimelalia kushoto, maana bega lake moja lilikuwa bovu. Nikamwona amesimama kwenye vibanzi, anafuta jasho kwa kofia, ananiuliza kama chai iko tayari. Sijui nilikaa naye muda gani. Ukungu mlangoni ulikuwa bado umesimama, lakini hauingii.

Lea akanigusa. "Mshike mguu, bibi."

Nikaushika. Ulikuwa na joto la yai lililotoka kwa kuku sasa hivi.

Danieli alikuwa anahesabu kuni zilizobaki darini kwa macho. Zisingefika wiki mbili. "Na siku yako, bibi?"

"Utanichomea mlingoti wako. Watalia wote, hata wasionipenda."

Lea akacheka, na mtoto akapanda na kushuka juu ya kifua chake, amelala.