Mfagiaji wa Ziwa Pickerel

Marlys Tveit alikuwa na ufa kwenye mfupa wa muundi, na alijua kwamba anao. Daktari alimwonyesha picha, akaugusa kwa ncha ya kalamu: ufa mwembamba kama unywele ulioangukia sahani nyeupe. Akamwambia asikimbie mpaka theluji ianguke. Marlys akaitikia kwa adabu zote, akashukuru, akatoka nje, na pale pale kando ya gari lake akaukunja mguu mzima, akarukaruka kwa ule mbovu.

Wakimbiaji wana kipimo chao, picha za daktari hawaziamini. Ukiweza kuruka kwa mguu mmoja bila kupiga kelele, basi mfupa haujavunjika, umekaza tu. Marlys aliruka, na kelele hakupiga. Machozi yalimtoka, lakini machozi hayamo kwenye kipimo.

"Kasemaje daktari?" akauliza mumewe Orrin, alipofika nyumbani.

"Kasema nisizidishe."

"Kasema hivyo?"

"Kwa lugha yake ya kidaktari."

"Marlys, siku utakayokufa nitakuzika na raba zako, usije ukarudi kuzitafuta."

"Unizike na zile mpya, tafadhali."

Kilichomsumbua Marlys hakikuwa mbio, kilikuwa namba. Kila mwaka majani yanapogeuka rangi, mji wa Halvard hukimbia kulizunguka Ziwa Pickerel, maili kumi za barabara ya changarawe, maji upande mmoja na misonobari upande wa pili. Waliokimbia tangu mwaka wa kwanza bila kuukosa hata mmoja huitwa Wasiokosa. Zamani walikuwa wengi, wanajaza benchi zima la kanisa. Kisha nyonga zikawachukua baadhi, wengine wakahamia kwenye jua la Arizona, wakabaki wawili: Marlys mwenye namba moja na Lyle Skaar mwenye namba mbili. Halafu mwaka mmoja Lyle aliingia mbioni na goti lililovimba kama mkate, kila mtu akimsihi akae, yeye akisema limekaza kidogo tu. Alimaliza akiliburuta. Tangu siku hiyo hutembea kwa mkongojo.

Kwa hiyo alibaki Marlys peke yake. Maisha yake yote aliendesha basi la shule, na hakuna mtoto aliyemwita jina jingine ila Bi Breki. Ila asubuhi moja kwa mwaka alisimama mbele ya mji mzima na namba moja kifuani. Asipomaliza mwaka huu, haivai tena. Namba haina mrithi, na yeye angekuwa kibibi tu anayechechemea.

Asubuhi ya mbio, ukungu ulishuka mzito hata mnara wa kanisa ukakatika katikati. Lyle alikuwa mezani mlangoni mwa ukumbi, mkongojo umeegemea kiti, akigawa namba na pini.

"Mguu vipi, Bi Namba Moja?"

"Umekaza kidogo tu."

"Ehe. Na mimi lilikaza kidogo. Kaa chini, mama, unywe kahawa. Kuna supu ya mchele wa mwituni jikoni."

"Wewe ulikaa?"

"Sikukaa. Ndiyo maana sasa nimekaa moja kwa moja."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu ambao hakuna aliyemsikiliza mwenzake. Marlys akabandika namba yake kifuani.

Bernadine, mke wa mchungaji, alipanda juu ya kreti akiwa na ufagio wake wa jikoni uliofungwa utepe wa rangi ya machungwa. Yeye ndiye mfagiaji: mtu anayemfuata mkimbiaji wa mwisho, asimpite, ili asiwepo atakayebaki nyuma peke yake.

"Sheria mnaijua!" akapaza sauti. "Ukijitoa, namba yako unampa mfagiaji, mkononi! Sitaki kukumbushia yule daktari wa meno."

Watu wakaangua kicheko. Mwaka mmoja daktari wa meno alijitoa bila kusema, zimamoto wakapiga mbizi ziwani mpaka giza wakimtafuta, kumbe yuko nyumbani anakula pai.

Filimbi ikalia. Marlys alianza kwa mwendo wake, akijiambia maneno ambayo wakimbiaji wote hujiambia, kwamba mguu ukipata moto utaachia. Mguu ulipata moto, naam, moto wa jiko. Kila hatua ilikuwa kama mtu anaupiga muundi kwa kijiko cha chuma. Watu wakampita. Mwalimu mstaafu akampita, mwanamke anayesukuma kigari cha mapacha akampita, bwana mmoja aliyevaa kama ndizi naye akampita. Ndizi ile ndiyo iliyomuuma roho. Ikayeyuka kwenye ukungu, na barabara ikawa kimya.

Hapo ndipo aliposikia ufagio. *Shaa. Shaa.* Nyuma yake, kwenye changarawe.

"Bernadine, usinisogelee hivyo," akasema bila kugeuka. "Nitadhani umenichoka."

"Bernadine yuko kwa wale wanaojitoa," sauti ya mwanamume ikajibu. "Mimi nawafuata wasiojitoa."

Marlys akageuka. Alikuwa mtu mrefu, sweta ya kijivu yenye kofia iliyofunika uso mpaka puani, na ufagio wa njiti, wa aina ambayo Halvard hawautumii tena. Tena alikuwa anafagia kweli, taratibu, palepale kisigino cha Marlys kilipoondoka. Marlys akadhani ni mzaha mpya wa kamati. Kamati ile ina mizaha mibaya.

"Endelea tu, mama. Mimi sina haraka."

*Shaa*, na maumivu yakapungua. *Shaa*, yakapungua tena. Kila ufagio ulipopita kwenye nyayo zake, kitu kilitoka mguuni kama uchafu unavyotoka sakafuni. Marlys alisikia utamu ambao hakuwa ameusikia miezi mingi. Akanyoosha mgongo, akaongeza mwendo. "Si nilisema!" akajisifu. "Umepata moto, umeachia."

Haikuchukua muda akaanza kuwafikia watu. Wa kwanza alikuwa mwanamke mwenye bandeji nyongani na fulana ya njano iliyochujuka. Marlys aliijua njano ile. Ilikuwa fulana ya mbio za mwaka wa mafuriko, miaka mingi nyuma.

"Uko sawa, dada?" akamuuliza, kama ilivyo desturi.

"Niko sawa. Imekaza kidogo tu."

Mbele akampata mwanamume ambaye unyayo wake ulitazama pembeni, kama umefungwa vibaya. "Niko sawa," naye akasema kabla hajaulizwa. "Imekaza kidogo tu." Sauti ilikuwa ile ile moja. Mbele ya huyo kulikuwa na wengine, wawili wawili, watatu watatu, wenye magoti yaliyofungwa, wenye viuno vilivyopinda, wote wanakimbia vizuri kuliko wenye miguu mizima. Na asubuhi ile ilikuwa ya baridi, ya kutoa mvuke mdomoni, ila vinywani mwao hapakutoka kitu. Raba zao hazikulia kwenye changarawe.

Marlys akapumua mbele ya kiganja chake. Hakuona mvuke.

Mwanamume aliyekuwa mbele yake alikuwa na ndevu nyekundu na namba mbili mgongoni, maana alikuwa na mazoea ya kuivaa mgongoni ili Marlys aisome. Goti lake lilikuwa limevimba kama mkate. Alikimbia kama maji yanayoteremka.

"Lyle?"

"Niko sawa."

"Lyle Skaar! Si nimekuacha mezani sasa hivi, na ndevu zako nyeupe?"

Lyle akamtazama kama mtu anavyotazama kibao cha barabarani, kisha akarudisha macho mbele. "Limekaza kidogo tu," akasema.

Upande wa ziwa likatokea banda jekundu la mashua. Marlys akalipita. Akapita misonobari, akapita mawe, na likatokea banda jekundu la mashua. Banda lile liko moja tu, hata mlevi wa Halvard anajua. Akataka kusimama. Miguu haikusimama. Kusimama huanzia kwenye maumivu, au uchovu, au pumzi kukatika, na yeye havikumbaki hata kimoja. Miguu haikuwa na mtu wa kuiambia.

Akageuza shingo. Mfagiaji alikuwa karibu, na nyuma yake barabara ilikuwa safi kabisa, haina unyayo wa mtu yeyote.

"Niko maili ya ngapi?" Marlys akauliza.

"Ya nini kuuliza? Kuna panapouma?"

"Hapana."

"Basi."

"Mwisho uko wapi?"

"Asiyekosa ana haja gani na mwisho?" mtu yule akasema kwa upole, kama anayembembeleza mtoto ale.

Hapo Marlys akaelewa, na baridi ikampanda mpaka kwenye mizizi ya nywele. Lyle wa mezani na Lyle wa hapa walikuwa mtu mmoja aliyegawanywa. Mezani lilirudi goti na maumivu yake. Kukimbia kwenyewe kulibaki huku.

Akashika namba kifuani. "Nataka kujitoa."

"Kwa nini? Mkimbiaji hajitoi bila sababu. Unaumia?"

Marlys akayatafuta maumivu, kama ulimi unavyotafuta jino lililong'olewa. Hayakuwepo. Miezi mizima alikuwa akiumia na kusema haumii. Sasa anaulizwa, na kweli haumii! Alitamani kucheka, akaogopa kicheko kisije kikatoka bila mvuke. Na namba ilikuwa nyepesi kifuani, ya kwake, namba moja, na hapa ingebaki yake daima. Asingezeeka nayo. Asingepitwa hata na ndizi.

"Siumii," akasema polepole. "Lakini nimevunjika. Mfupa una ufa. Nimeuona kwa macho yangu, na nilimdanganya mume wangu, na sitamaliza mbio hizi. Si leo wala mwakani."

Akafungua pini moja, ya pili, ya tatu. Pini ya nne ilikataa, akaing'oa na kipande cha fulana, akaunyoosha mkono nyuma. Mfagiaji alisita. Kisha vidole vyake vikaipokea karatasi, vidole vikavu, havina uzito wowote.

"Namba moja," akanong'ona, kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa. "Wenzako wote walibaki."

Maumivu yakarudi kwa mara moja, kama mlango unavyofungwa juu ya kidole. Marlys akaanguka chini kwenye changarawe na kupiga yowe ambalo hakulipiga siku ile kando ya gari, wala siku nyingine yoyote maishani mwake: "Inauma! Mama yangu wee, inauma!"

Bernadine akatokea kwenye ukungu anakimbia, ufagio begani. "Marlys! Jamani, mbona hujafika hata kibanda cha kwanza cha maji? Nilikuona mbele yangu, nikafumba jicho, sikukuona." Akapiga magoti. "Namba yako iko wapi?"

"Nimempa mfagiaji."

"Mfagiaji ni mimi, mpenzi."

Bernadine akatazama barabara. Nyuma yao ilikuwa imefagiwa safi, mistari ya njiti imepangana vizuri kwenye changarawe, kama ua siku ya arusi. Aliposimama aliushika ufagio wake juu juu, usiguse ardhi, na akaushika hivyo njia nzima ya kurudi.

Ukumbini Orrin alimkalisha mkewe karibu na meza ya Lyle, akamwekea muundini mfuko wa njegere zilizogandishwa, akaenda kutafuta dawa ya maumivu na ya hasira zake mwenyewe. Watu walipita wakasema pole, wakashindwa waangalie wapi, maana kifua cha Marlys kilikuwa na tundu tu pale ilipokuwa pini.

"Umejitoa?" Lyle akauliza.

"Nimejitoa."

"Wewe? Haya, nimeishi nikaona mengi." Akacheka, lakini Marlys hakucheka.

"Lyle, nimekuona huko."

"Wapi?"

"Ukunguni. Una ndevu nyekundu. Namba mbili mgongoni."

Marlys alingoja atukanwe. Lyle akaweka chini pini alizokuwa anazihesabu. Chini ya meza goti lake bovu lilikuwa linacheza, likitetemeka kwa mpigo, kama la mbwa anayeota anakimbiza sungura. Marlys akajiuliza lilikuwa linacheza hivyo miaka yote na yeye hakuwahi kuinama kutazama.

"Nilikuwa nakimbiaje?" Lyle akauliza kwa sauti ndogo.

"Vizuri mno. Kama maji."

Lyle akafumba macho. "Nilijua. Asubuhi nyingine naamka nimechoka, Marlys, fulana imelowa ukungu, na mlango nimeufunga mwenyewe kwa ndani. Sikumwambia mtu. Ningesema nini?" Akafungua macho. "Nilikuwa nakwenda wapi?"

"Huendi popote. Unazunguka."

Lyle akanyoosha mkono kuutafuta mkongojo wake.

"Twende," akasema.

"Mimi siwezi kutembea."

"Mimi nilidhani utanibeba."

Wakacheka, safari hii kweli, mpaka njegere zikaanguka. Orrin akarudi na vidonge, akawakuta wamesimama wameshikana kama walevi.

"Mnakwenda wapi, ninyi viwete wawili?"

"Lete gari," Lyle akasema. "Nimechelewa kujitoa. Namba yangu bado inazunguka huko."

Orrin alimtazama mkewe, na alichokiona usoni kikamzuia kubishana. Akawapakia wote kiti cha mbele, akawasha taa, akaifuata barabara ya changarawe kuelekea ziwani. Mbio zilikuwa zimekwisha, kreti zimeondolewa, na ukungu ulikuwa bado umelala.

"Endesha polepole," Marlys akamwambia. "Kuna watu barabarani."

Orrin akaitazama barabara tupu mbele yake, na akapunguza mwendo.