Vitufe Visivyo na Majina

"Kitufe," simu ikasema. Nikatelezesha kidole. "Kitufe." Nikatelezesha tena. "Kitufe." Vitatu, chini kabisa ya fomu, na hakuna hata kimoja chenye jina. Aliyeijenga tovuti ile ya chuo alikuwa amevichorea picha, akasahau kwamba wako watu tunaosoma kwa masikio.

Nilikuwa nimeketi barazani kwetu Nyansiongo, siku ya Ijumaa, jua la magharibi likinichoma shavu la kushoto. Mwisho wa kutuma maombi ulikuwa Jumamosi saa sita mchana, lakini kwetu Jumamosi haihesabiki. Sisi ni Wasabato. Jua likizama Ijumaa simu zote huzimwa zikatiwa kabatini, na Mama hajawahi kumruhusu mtu hata kupasua kuni. Kwa hiyo muda wangu uliobaki ulikuwa jua lile tu.

Mwaka uliotangulia kaka yangu Walter ndiye aliyenijazia fomu. Nilimwambia aandike kozi ya sheria; akaandika muziki. Nilipogundua nikambana, akasema hakuwa na nia mbaya, ila vipofu huimba vizuri. Mimi huyu! Hata kwaya ya kanisa ilishaniomba kwa upole nihudumu mlangoni. Barua ya kuniita ilipokuja nilikataa kwenda, nikakaa mwaka mzima nikikama ng'ombe na kununa. Ndipo nikajifunza simu inayosoma: kuruka kichwa hadi kichwa cha ukurasa, kugonga mara mbili ninapopataka, kuiharakisha sauti hadi Mama akauliza ni nani anayeifukuza.

Basi kitufe cha kwanza nikakigonga kwa kubahatisha. Kimya. Kisha simu ikaanza kusoma kutoka juu: jina, tupu, shule, tupu, kozi, tupu. Kazi ya saa nzima ilikuwa imekwenda na maji.

Nililia, sifichi. Walter akatoka ndani.

"Lete nikumalizie, Gesare."

"Usiguse," nikamwambia. "Niambie tu kila kitufe kina picha gani."

Akachuchumaa kando yangu, akanisomea polepole: pipa la taka, mshale wa kurudi nyuma, alama ya tiki. Nilisikia mikono yake ikitua magotini.

Nikaanza upya. Jina. Shule. Alama. Nilikuwa katikati ya kueleza kwa nini nataka sheria wakati shavu langu lilipopoa. Baridi ya kwetu Borabu haibembelezi mtu. Jua likiondoka, inaingia palepale. Kwa jirani walikuwa wameshaanza wimbo wa kuifungua Sabato. Nikakiondoa kidole kwenye kioo cha simu.

"Mama, jua limezama?"

Alikuwa amesimama mlangoni. Nilisikia pumzi yake. Mama huyuhuyu aliwahi kunichapa, nikiwa na miaka saba, kwa kuchuma mapera siku ya Sabato.

"Bado," akasema. "Andika."

Niliandika. Kitufe cha tatu nikakigonga mara mbili, na simu ikasema ombi langu limepokelewa.

Leo niko mwaka wa pili wa sheria, na habari ya jua lile hatujaizungumza hata siku moja. Jioni ile Mama alitangulia kuingia ndani. Tulimkuta amepiga magoti, na aliomba muda mrefu kuliko kawaida yake.