Shati la Mugambi

Jioni, nyumbani kwao Mitunguu, Igoki alianua nguo kwenye kamba iliyofungwa kati ya migomba miwili, akatenga shati moja dogo la samawati. Asubuhi alikuwa amelianika safi. Sasa lilikuwa chafu kifuani na kwenye viwiko.

"Hii mchanga si ya hapa," alisema mama yake, Celina, akilikung'uta. "Ya hapa ni nyekundu."

Ulikuwa mchanga wa kijivu wa Khartoum. Huko ndiko Igoki alikokuwa mfanyakazi wa nyumbani, mpaka mapinduzi yakageuka vita na ndege ikaletwa kuwarudisha Wakenya bure. Mwanawe Mugambi, aliyezaliwa huko bila cheti, alikataliwa mlangoni pa ndege. Begi la nguo zake lilikubaliwa. Igoki aliambiwa mtoto angefuata na ndege ya pili, akamwachia Kaha, jirani yake, akapanda. Ndege ya pili haikuja, na simu ya Kaha haikupatikana tena.

Tangu hapo, kila alipolianika shati, lilikutwa limevaliwa. Leo doa la chai, kesho kifungo kimeng'oka. Igoki alifua, akashona, akafurahi. Siku za mvua, shati lilipobaki ndani likiwa safi, hakula kitu. Alitamani kumshika mwanawe mpaka mikono ikamuuma.

Mwishowe alilipeleka kwenye ofisi ya serikali iliyoleta ndege, likiwa halijafuliwa. Afisa aliligeuza, akalinusa kwenye kola, akaridhika.

"Madam, mtoto yuko hai, hiyo sikatai," alisema. "Lakini bila cheti nitamwandika aje? Na kupewa cheti lazima akuje mwenyewe."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mhuri anao afisa. Alimrudishia shati likiwa limekunjwa vizuri.

Miezi ikapita. Jioni moja shati lilikutwa kwenye kamba limepasuka makwapani. Celina alipitisha vidole kwenye mpasuko.

"Amekua," alisema. "Nunua yenye inamzidi. Mtoto hangoji ofisi."

Igoki alinunua kubwa sokoni, akalianika asubuhi na mapema, akaenda kupalilia. Aliporudi alikuta mikono ya shati imekunjwa mara mbili mbili, kwa sababu ilimzidi mwanawe. Alikaa chini ya kamba akalia kidogo. Kisha akachota maji, akalifua bila kuikunjua ile mikono.